Karani na Neno "Charge"

Pita Upper Hill, Nairobi, asubuhi moja tu, uhesabu. Kwenye Hospitali ya Kenyatta, jamaa za mgonjwa wanauliza kuhusu "charge": wanataka kujua watatozwa ngapi. Wodini humo, muuguzi mkuu anaitwa inchaji. Kibandani, kijana anaomba chaji ya simu. Ukifika Mahakama za Milimani, neno limeshakuwa shtaka. Na katika jengo hilohilo, kwenye kesi za mabenki, linageuka kuwa shamba lililowekwa dhamana ya mkopo.

Mimi humtazama karani wa mahakama, yule anayesimama chini ya hakimu na kutafsiri. Hana kamusi mkononi, wala nafasi ya kuifungua. Hakimu akinyamaza, karani anavuta pumzi, nusu tu, kisha anamgeukia aliye kizimbani: "Mama, umeshtakiwa kwamba..." Kiingereza kilimpa jina, naye akarudisha kitendo. Kiswahili kinataka kujua nani kamfanya nani nini: umetozwa, umeshtakiwa, umeweka rehani. Kazi yote inafanyika katika ile nusu pumzi.

Hiyo rehani ndiyo inayoonyesha fundi ni nani. Ukiweka mkufu rehani, mkufu unaondoka shingoni. Lakini chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, "charge" ni dhamana tu ya deni. Haimpi mkopeshaji umiliki wa ardhi. Karani wa haraka atasema "rehani" akae, na mzee atarudi nyumbani akiamini shamba limekwenda. Niliwahi kumsikia mmoja akitua baada ya neno hilo, kisha akaongeza kwa sauti ya chini: "Shamba bado ni lako, mzee, ila limefungwa na deni. Usipolipa, benki inaweza kuliuza." Wengine wangemlaumu kwa kurefusha. Kwangu mimi, hiyo ndiyo tafsiri. Lile neno moja lilikuwa kichwa cha habari tu.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 50, inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi haki ya kupata mkalimani bila malipo. Wengi hawalijui hilo. Mzee mwingine, alipoona mtu kawekwa kando yake amtafsirie, alishika mfuko wa koti na kunong'ona: huyu naye ni ngapi?

"Hapa hutozwi, mzee," karani akamjibu. "Unashtakiwa tu."