Sarufi ya Faraja katika Zaburi ya 23

Wahakiki kadhaa huiona fasihi ya faraja ya Kikristo kuwa liwazo linalomfumba macho mfiwa asiuone msiba wake. Zaburi ya 23 katika Biblia ya Union Version (1952), ambayo husomwa sana mazishini Afrika Mashariki, inaipinga hukumu hiyo kwa sarufi yake yenyewe.

Aya za mwanzo zinamtaja Mungu katika nafsi ya tatu. Vitenzi kama "hunilaza" na "huniongoza" vina hu- ya mazoea, isiyopokea kiambishi cha nafsi ya mtenda. Kazi ya mchungaji inaelezwa kama desturi. Katika aya ya nne, msemaji aingiapo bondeni, Mungu anakuwa "Wewe". Badiliko hilo limo pia katika matini ya Kiebrania, lakini hu- ya Kiswahili inalikoleza: hatari inapokaribia, maelezo kuhusu Mungu yanageuka kuwa maongezi naye.

Hoja ya pili ni -japo- katika "nijapopita". Kiambishi -ki- kingeonyesha wakati au sharti tu. -Japo- inaukiri uzito wa kikwazo na papo hapo kukataa kutawaliwa nacho. Faraja hii, basi, haliondoi bonde wala hailifichi.

Mfasiri atakayeirahisisha -japo- kuwa -ki- kwa ajili ya wasomaji vijana atakuwa amewapa lugha nyepesi, na kuwanyima ushupavu ambao mfiwa anauhitaji kuliko wepesi huo.