Kilichotolewa Kwenye Mustang ya Bullitt

Tarehe 10 Januari 2020, huko Kissimmee, Florida, kampuni ya minada ya Mecum iliuza Mustang ya mwaka 1968 iliyopauka rangi, yenye kutu kwenye bodi na viti vilivyochakaa. Pamoja na ada, bei ilifika dola milioni 3.74. Mustang za mwaka huohuo na injini hiyohiyo, zilizopulizwa rangi upya zikang'aa, hazifikii hata sehemu ya kumi ya fedha hizo. Hii ndiyo aliyoendesha Steve McQueen katika filamu ya Bullitt, na umaarufu huo ndio uliopandisha bei. Kinachonivuta mimi ni kingine. Gari hili halifanani na lilivyotoka kiwandani. Lilifanyiwa mabadiliko kabla kamera hazijawashwa, na mabadiliko yenyewe yalikuwa mazuri kiasi kwamba Ford wenyewe wameyarudia mara tatu.

Wapenzi wa magari ya misuli, yaani magari ya Kimarekani ya milango miwili ya miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 yaliyopewa injini kubwa za V8, wamegawanyika kambi mbili. Wapo wanaotaka kila skrubu ibaki ya kiwandani, na wapo wanaotaka gari lifanane na mwenye gari. Wanabishana kwa ukali, na naona wamechora mpaka pasipo pake. Kwangu maswali ya kuuliza ni mawili: badiliko lilifanywa kwa kazi gani, na je, bati la bodi lilikatwa?

Tuanze na kazi ilivyofanyika. Studio ya filamu hiyo, Warner Bros, ilichukua Mustang mbili za GT, za ile bodi ambayo paa lake linateremka moja kwa moja hadi nyuma. Zote zilitoka kiwanda cha San Jose, California, na namba zake zinafuatana: 8R02S125558 na 8R02S125559. Namba hizo zinasomeka. 8 ni mwaka 1968, R ni kiwanda, 02 ni umbo la bodi, na S ni injini ya inchi za ujazo 390, karibu lita 6.4, iliyotangazwa kuwa na nguvu za farasi 325. Rangi yake ilikuwa kijani kilichokolea, Ford wakiiita Highland Green.

Magari yakapelekwa kwa Max Balchowsky, fundi wa magari ya mashindano wa Los Angeles. Yeye alijua yatarushwa kwenye vilima vya San Francisco na kutua kwa kishindo, tena zaidi ya mara moja. Akaimarisha sehemu za bodi zinazoshika shokapu za mbele, akafunga springi ngumu zaidi na shokapu za Koni, akaigusa injini kidogo. Yote hayo mtazamaji hayaoni.

Anayoyaona ni machache. Farasi anayekimbia katikati ya grili aliondolewa, pamoja na taa mbili za ziada zilizokuwa kando yake. Beji za GT ziling'olewa na grili ikapakwa rangi nyeusi. Rimu za kiwandani zilipisha Torq Thrust za American Racing, za inchi 15, zenye mikono mitano ya kijivu. Ndani, usukani ulibadilishwa. Basi.

Tazama mbele ya gari hilo uone kilichotokea. Mustang ya kawaida ya GT ina mambo matano kwenye uso wake: taa kuu mbili, taa za ziada mbili, na farasi ndani ya fremu ya kromu. Jicho linahangaika. Ukitoa matatu ya katikati, grili inakuwa tundu moja jeusi na jicho halina pa kutua, linapanda boneti na kufuata mstari wa paa hadi kwenye buti. Mstari huo Ford waliuchora vizuri tangu mwanzo, ila waliuficha nyuma ya mapambo yao wenyewe. Rimu nazo hazikuwa madoido. Mikono ya Torq Thrust imekonda ili hewa ipite kwenye breki, na ule ukijivu wake haushindani na kijani cha bodi. Zingekuwa za kromu tupu, gari lingeonekana la maonyesho.



Ford walitoa Mustang za Bullitt mwaka 2001, 2008 na 2019. Ile ya 2008 ilitoka kiwandani bila farasi kwenye grili, na rimu zake ni mikono mitano inayofuata sura ya Torq Thrust. Uamuzi wa mafundi wa 1968 umegeuka kuwa sura ya kiwandani. Anayesema kwamba cha kiwandani ndicho asilia na kilichobadilishwa ni uharibifu ana kazi ya kulieleza hilo.

Sehemu ya pili ya hadithi inawahusu waliolitunza. Mwaka 1974 gari namba 559, lile lililouzwa baadaye Florida, lilinunuliwa na familia moja ambayo ililitumia kama gari la nyumbani. Mwaka 1977 McQueen aliandika barua kuomba auziwe, wakakataa. Mwaka 1980 klachi ikaharibika, gari likaegeshwa, na umma haukuliona tena hadi Januari 2018 kwenye maonyesho ya magari ya Detroit. Chini ya bodi bado kulikuwa na vishikizo vya kamera vilivyochomelewa wakati wa filamu. Fundi mwenye bidii na nia njema angevikata, angeziba matundu kwa pati, angerudisha farasi na beji, kisha angelikabidhi likiwa safi na sahihi kwa mujibu wa kitabu cha kiwanda. Angekuwa amefuta ushahidi wote.

Pacha wake, namba 558, alinusurika kwa chupuchupu. Gari hilo liliibuka Mexico, Baja California, mwaka 2017, likiwa bovu. Aliyelipata alikusudia kuligeuza liwe nakala ya Eleanor, Mustang ya kijivu ya filamu ya mwaka 2000. Lakini namba zilisomwa kwanza, na zile sehemu zilizoimarishwa za kushikia shokapu zikaonekana. Kama msumeno ungetangulia kabla ya namba, tusingejua kitu.

Ndiyo maana siogopi mabadiliko kama ninavyoogopa ukataji. Miaka ya 1980 Marekani ulivuma mtindo wa Pro Street, ambapo sakafu ya nyuma hukatwa ili matairi mapana ya magari ya mbio fupi yaingie chini ya bodi. Mtindo ulipopoa, wenye magari walibaki na bodi zisizorudishika bila kununua sakafu nzima. Rimu za Balchowsky zinafunguliwa kwa spana.

Kwa hiyo aliye na Mustang ya 1968 asome herufi iliyo nafasi ya tano katika namba kabla ya kumwita fundi. Akikuta S, au R ya injini ya Cobra Jet ya inchi 428, aagize ripoti kutoka Marti Auto Works ya Arizona, ambao wana leseni ya kutumia kumbukumbu za uzalishaji za Ford kuanzia 1967. Injini ikiwa ni ileile na bati ni lilelile, ushauri wangu ni kurekebisha breki na kuacha rangi ya zamani, hata kama imechoka. Rangi za leo zinang'aa kwa kina ambacho kiwanda cha 1968 hakikuwa nacho, na ukishaipiga msasa ile ya kwanza hairudi.

Akikuta T, yaani silinda sita za inchi 200, ana gari ambalo Ford waliliunda kwa wingi sana, na hapo ana ruhusa yangu yote. Rimu zake zinashikwa na nati nne badala ya tano, kwa hiyo Torq Thrust za nati tano zitadai habu mpya, ekseli ya nyuma nzito zaidi na breki kubwa. Vyote hivyo vinafungwa kwa bolti. Kwenye grili ningeanza kwa kumtoa farasi na kuendesha mwezi mzima kabla ya kununua pambo lolote, na yale matundu ya skrubu ningeyaziba kwa vizibo vya mpira, bila kuchomelea.