Guru wa Mabanyani na Mganga wa Machimboni

Ndugu msomaji, aliyepata kukaa Shinyanga au Mwanza zama zile biashara ya pamba ilipokuwa mikononi mwa Wahindi, atakumbuka picha iliyokuwa ikitundikwa juu ya meza ya fedha katika duka la Banyani: mzee aliyejitanda nguo za rangi ya chungwa, amevikwa koja la maua, na mbele yake kijiti cha udi kinafuka tangu asubuhi. Mwislamu aliyeingia kununua sukari alitazama, akacheka moyoni, akasema, "Hawa wanaabudu mtu," akenda zake. Nami nimo katika hao waliocheka.

Lakini kicheko si hoja. Abu Rayhan al-Biruni, mwanachuoni wetu aliyeandika kitabu chake kikubwa juu ya India kiasi cha mwaka 1030, alijifunza Kisanskriti, akakitafsiri kwa Kiarabu kitabu cha Patanjali cha yoga, na akaeleza itikadi za Wahindi kama wao wenyewe wanavyozieleza. Basi na sisi kwanza tusikilize, kisha tukosoe.

Madhehebu zao ni nyingi. Nachukua moja iliyotia mizizi Afrika ya Mashariki, ya wafuasi wa Swaminarayan, aliyezaliwa kaskazini ya India mwaka 1781, akafundisha Gujarat, akafa 1830. Mwaka 1955 kiongozi wa tawi lao moja, Yogiji Maharaj, alifika kwetu, na hekalu lao la Mombasa likafunguliwa. Alikuja mara ya mwisho 1970, akafa Januari 1971.

Kitabu chao, Vachanamrut, kwa hesabu ya tawi hilo ni mazungumzo 262 aliyoyatoa Swaminarayan baina ya 1819 na 1829, na wanafunzi wake wakayaandika kwa Kigujarati. Kila mazungumzo huanza kwa kutaja siku, kijiji, mahali alipoketi mwalimu na nguo alizovaa. Sisi tuliozoea isnadi tutaona hapa jambo tunalolijua: watu wasiotaka neno lielee hewani. Ila isnadi inauliza kama msimulizi ni mkweli, na hizi khabari za nguo na maua zimewekwa kwa mapenzi tu, nazo zikikaririwa huchosha.

Penye uzito ni pale mwalimu anapomrudisha mwanafunzi ndani ya nafsi yake. Huyu asemaye "mimi" ni nani? Si mwili huu, kwani mwili utachomwa moto. Si ukoo, si duka, si cheo. Ni roho, na kazi ya roho ni kumtumikia Mungu. Wako Wahindu wengine, wafuasi wa Advaita, ambao swali hilo hilo huwafikisha kusema kuwa hapana Mola na mja, ni kimoja tu. Swaminarayan hakukubali, kwake mja hubaki mja hata akitakasika vipi. Na katika mazungumzo ya sita ya Gadhada anaeleza mwenye busara ni nani: ni yule azionaye aibu katika nafsi yake na wema kwa wachaji wenzake.

Mafundisho haya si mageni kwetu. Aya ya 21 ya Sura Adh-Dhariyat inatuita tuziangalie nafsi zetu, na Imamu Ghazali katika Ihya ameweka kitabu kizima juu ya kujihesabu. (Ile kauli mashuhuri ya kwamba ajijuaye humjua Mola wake, Imamu Nawawi amesema haikuthubutu kuwa ni hadithi, tusiitie kinywani mwa Mtume S.A.W.)

Palipo na khitilafu ni kwa guru mwenyewe. Kwao yeye si mwalimu tu. Ndani yake Mungu yupo kwa ukamilifu, na mwanafunzi hana budi kuiunganisha nafsi yake naye ndipo afike. Hapa tauhidi yatukataza kwenda pamoja nao hata hatua moja. Tena kanuni ile nzuri ya kutoona aibu za wacha Mungu, ikifika kwa guru hugeuka ukuta: akikosea yeye, nani atamwambia?

Tirmidhi amepokea ya kuwa Adi bin Hatim, aliyekuwa Mkristo, aliisikia aya ya 31 ya Sura At-Tawba juu ya watu walioifanya miungu makuhani na watawa wao, na Mtume S.A.W. akafahamisha: hawakuwasujudia, lakini walipohalalishiwa la haramu walifuata. Kwa mizani hiyo sijda haihitajiki, wala koja la maua. Na sisi wa tarika, tunaoambiwa kuwa muridi kwa shekhe wake awe kama maiti mkononi mwa mwoshaji, tuipime pia.

Sasa nenda Geita. Wengi wenu mna mtoto huko au Kahama, anayeshuka kwenye duara kwa kamba na kuosha mchanga kwa zebaki. Dhahabu haina ahadi. Jirani aweza kuipata leo nawe ukakosa mwaka mzima. Hapo ndipo anapoingia mganga, na wako wanaovaa kofia kama ya shekhe na kufungua kitabu cha Kiarabu. Hakuna picha ukutani, hakuna udi, kwa hiyo hatucheki. Lakini mchimbaji amejitoa kwake kuliko Banyani yule kwa guru wake. Huambiwa nyota yake imefungwa, na aliyeifunga ni fulani. Kwa maneno kama hayo vikongwe wa Usukuma wameuawa kwa kosa la kuwa na macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa kupikia kwa mavi ya ng'ombe miaka hamsini. Kwa maneno kama hayo, khasa tangu 2007, watu wenye ualbino wamekatwa viungo ili vitengenezwe hirizi za utajiri. Septemba 2009 Mahakama Kuu ikikaa Kahama iliwahukumu kifo watu 3 waliomuua mtoto wa miaka 14 mwenye ualbino. Januari 2015 Serikali ikapiga marufuku wapiga ramli.

Guru, pamoja na yote tuliyoyakataa kwake, humwambia mtu: jitazame. Mganga humwambia: mtazame jirani. Mchimbaji aliyeulizwa swali la Banyani, huyu anayetaka dhahabu ni nani, na ataipeleka wapi roho itakapotoka, pengine angeondoka mikono mitupu, na bibi yule angeamka akakoka moto wake. Mtume S.A.W. katika hadithi ya Muslim amesema amwendeaye mpiga ramli kumwuliza, sala yake haikubaliwi siku 40. Na hapo mtu ameuliza tu. Mwanao akipiga simu kutoka Geita kukwambia duara limetema, usianze na kiasi cha gramu. Mwulize nani aliwaonesha pa kuchimba, na alitaka alipwe nini.