Karata ya Asubuhi: Kioo cha Nafsi au Ramli ya Jirani?

Leo tunaweka kwenye mizani kitu ambacho hakimo kwenye mtaala wowote lakini kimejaa kwenye simu za watu: kuvuta karata moja kila asubuhi ili "kujitambua". Utaratibu wake ni mwepesi. Unachukua pakiti ya karata 52, zilezile za arubastini, unazichanga, unavuta moja, unatazama maana yake kwenye orodha, kisha unaishi siku yako na hiyo maana kichwani. Kopa ni mapenzi, uru ni pesa, pau ni kazi, shupaza ni matatizo. Jioni unajiuliza: imetimia?

Wanaoitetea wanasema hii siyo ramli. Ramli inatabiri, wao wanajitazama tu. Ni hoja ya maana, haifai kuitupa kwa kicheko. Basi tuipime, na tuipimie Makwale, huku Kyela, maana kitu kinachodai kumwonyesha mtu nafsi yake lazima kifae hata kwa mtu anayeanika kakao uani na kulima mpunga bondeni.

Tuanze na karata yenyewe. Karata zilifika Ulaya kutoka Misri ya Wamamluki miaka ya 1370, zikiwa na alama za vikombe, sarafu, panga na fimbo za mchezo wa polo. Sisi tulizipokea kwa mkono wa Wareno, na lugha yetu bado inakumbuka: kopa ni "copas", vikombe, uru ni "ouros", dhahabu, shupaza ni "espadas", panga, pau ni "paus", fimbo. Kwa hiyo ukivuta karata yenye picha ya moyo, mdomo wako unasema kikombe. Mapenzi yako wapi hapo? Yako kwenye orodha ya mtu aliyeamua hivyo. Mwaka 1770 Mfaransa aliyejiita Etteilla alichapisha kitabu cha kubashiri kwa karata, tena kwa pakiti ya karata 32. Yaani kwa karibu miaka 400 Wazungu walikuwa na karata kabla ya kitabu hicho, na hata kilipotoka, hazikuwa 52.

Hapo ndo inapoanguka ile hoja inayopendwa sana, kwamba pakiti ni kalenda: karata 52 ni wiki 52, alama nne ni majira manne, na ukijumlisha namba zote unapata 364, ongeza jokeri, 365. Hesabu ni kweli, ila siri yake ni ndogo. Wastani wa namba 1 hadi 13 ni 7. Karata 52 mara 7 ni 364, na wiki 52 mara siku 7 ni 364. Namba mbili zimekutana njiani, basi. Jokeri naye aliongezwa Marekani miaka ya 1860 kwa ajili ya mchezo uitwao euchre, hakutumwa kufunga mwaka. Na hayo majira manne, nani ameyaona Makwale? Kyela hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mwezi Aprili huku hauwi wa maua ya Paris, unakuwa wa matope hadi magotini.

"Sawa, lakini mbona karata ileile inanifuata?" Swali hili linasikika sana, na linastahili jibu la namba. Ukivuta karata moja kila siku na kuirudisha, kufikia siku ya tisa uwezekano wa kuwa karata fulani imejirudia ni asilimia 52. Kufikia siku ya 14 ni kama asilimia 85. Sababu ni kwamba kila siku mpya inalinganishwa na siku zote zilizopita, siyo na moja tu. Kwa hiyo ukimaliza wiki mbili bila karata yoyote kujirudia, hapo ndo ushangae.

Tuje kwenye maneno ya orodha. "Unajali watu kuliko wanavyokujali." "Kuna jambo unalolisita." Nani hayuko humo? Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia zao, kila mmoja akiamini ni yake peke yake. Yalikuwa maelezo yaleyale kwa wote, mengi yametolewa kwenye kitabu cha unajimu. Alipowaomba wayape alama kutoka 0 hadi 5, wastani ulikuwa 4.26. Watanzania waliosoma safu za nyota magazetini, enzi za Sheikh Yahya Hussein aliyefariki Mei 2011, wanalijua hilo joto la kusoma sentensi na kusema, "Aisee, huyu ananijua!" Sentensi pana ni kama shati la mtumba saizi kubwa. Linamwenea kila mtu, halijashonewa yeyote.

Je, hakuna kizuri humo? Kipo. Kukaa kimya dakika kumi asubuhi kabla ya simu na kelele za stendi ni faida. Kuandika jioni ni faida zaidi. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall waliwataka wanafunzi 46 waandike dakika 15 kwa siku nne mfululizo. Walioandika mambo yaliyowaumiza pamoja na hisia zao walikwenda kituo cha afya mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Mwaka 2006 Joanne Frattaroli alikusanya tafiti 146 za aina hiyo na kukuta faida ipo, ingawa ni ndogo. Sasa angalia: hakuna karata humo. Kilichofanya kazi ni kalamu na ukweli wa mwandishi.

Hadi hapa mtu anaweza kusema, "Kama haidhuru, mwacheni avute." Ningekubali, isingekuwa kipande cha tatu: swali lake linaelekea wapi. Kwenye orodha nyingi za Ulaya malkia wa shupaza ni mjane, au mwanamke mwenye hila. Isome hiyo ghorofani mjini, usikomjua hata jirani wa mlango wa pili, itapita tu. Isome Makwale, ambako migomba yako inagusana na ya jirani na unajua nani kafiwa na mume lini. Sentensi iliyoachwa wazi inajazwa jina kabla chai haijapoa.

Na sisi tuna historia na majina ya namna hiyo. Monica Wilson, aliyefanya utafiti kwa Wanyakyusa na mumewe Godfrey miaka ya 1930, alieleza kuwa tuhuma za uchawi ziliangukia zaidi majirani wa kijiji kimoja. Aliyetuhumiwa aliweza kunyweshwa mwafi, sumu ya kuamulia nani mkweli. Karibu zaidi, Januari 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli, mauaji ya watu wenye ualbino yakiwa yameitia nchi aibu. Kiswahili chetu kimeshatunga jina kamili la tatizo: ramli chonganishi. Mganga hahitaji kutaja mtu. Anasema tu "ni mwanamke wa karibu", anayebaki anamalizia mwenyewe. Malkia wa shupaza anasema neno lilelile, ila kwa picha nzuri na rangi za kupendeza.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Kama zoezi la kujitambua, karata ya asubuhi ni swali la bahati nasibu lililobebeshwa majibu ya mtu mwingine. Swali tunaweza kulibakiza. Majibu tuyatupe, hasa yale yanayomnyooshea kidole mtu asiye mezani. Kipimo ni rahisi: sentensi inayokuhusu huanza na "mimi". Ikianza na "kuna mtu", hiyo ni ramli, hata kama wameipa jina la kisasa.

Anayependa pakiti yake aitumie hivi kwa siku 14. Choma orodha. Kila alama ipe swali lako: kopa, leo nimemsikiliza nani hadi mwisho? Uru, shilingi ipi nimeitumia kwa kujionyesha? Pau, kazi gani nimeikwepa? Shupaza, neno gani langu limemkata mtu? Jioni andika mistari mitano. Siku inayofuata mwambie mwenzako achague swali kwa kutupa sarafu mara mbili, bila karata kabisa. Ukiona huna ulichopoteza, umeshajua karata ilikuwa na kazi gani.

Kisha rudisha pakiti kwa wenyewe, wanaisubiri chini ya mwembe.