Tazama Kilichobaki Sahanini

Majuzi nilialikwa kwa marafiki Nairobi, na jioni ya kwanza mgeni mwenzangu akapika spageti za kamba. Zilipotua mezani watu walipiga makofi, wakapiga picha, na mmoja akaapa hajala kitu kama kile tangu azaliwe. Kweli kabisa, hata mimi sijala. Kamba wamejikunja kama pete na kukakamaa, krimu imemwagwa bila hesabu, jibini juu kama theluji ya Kilimanjaro. Spageti zenyewe ziliogeshwa kwa maji baridi ya mfereji, eti zisigandane. Nikala, nikashukuru, nikalala na hasira.

Mimi nimesimama jikoni Malindi miaka 21. Waitaliano walikuja kwetu miaka ya 1960 kurusha roketi kutoka majukwaa ya baharini pale Ngomeni. Wengine wanakumbuka setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970. Mimi kilichonifikia ni masufuria.

Ya mwanzo nayapita mbio. Gramu 100 za spageti kwa mtu, lita 1 ya maji, gramu 10 za chumvi. Kwa vitu vya bahari mimi hushuka hadi 7, maana kamba huja na chumvi yake. Maji ya kuchemshia hayatiwi mafuta. Kamba aliyeanza weusi kichwani arudi kwa muuzaji. Vichwa na maganda hukaangwa kwenye mafuta ya zeituni na thomu iliyopondwa, hadi mafuta yashike rangi ya chungwa, ndipo vitolewe. Ngisi ni dakika 2 au dakika 45. Katikati ni mpira. Jibini haikai na vitu vya bahari. Usiniulize kwa nini. Haikai.

Spageti kavu ipapase kabla hujailipia, kama pakiti inaruhusu. Ile ya Gragnano, karibu na Napoli, iliyosukumwa kupitia tundu za shaba nyeusi, hukwaruza kidole na ina weupe kama imepitiwa na vumbi la unga. Ile ya manjano inayong'aa kama uzi wa kuvulia, mchuzi utaiteleza tu.

Lakini mtu anaweza kuyapatia yote hayo na bado asiwe amepika. Wasiojua hutazama ukubwa wa kamba. Anayejua hungoja watu wale, kisha hutazama kilichobaki sahanini. Pakibaki kijidimbwi cha maji mekundu chenye macho ya mafuta yanayoelea, hapo palichanganywa vitu, hapakupikwa. Panatakiwa pabaki utando mwembamba unaong'aa, na ukiinamisha sahani uteremke polepole kama tui zito. Mtu wa pwani analijua tui lililokatika. Lingemtia aibu mbele ya wakwe. Mchuzi uliokatika anausifu kwa sababu tu umepewa jina la Kitaliano.

Kinachoshikanisha maji na mafuta ni wanga wa spageti yenyewe. Kwa hiyo itolewe majini dakika 3 zikiwa zimebaki kwenye maelezo ya pakiti, ukiing'ata uone bado nukta nyeupe katikati. Iinuliwe kwa koleo ikidondoka, iingie moja kwa moja kwenye kikaango chenye yale mafuta ya maganda. Upawa mmoja wa maji yake ya ukungu, moto mkali, tikisa, rusha, geuza, upawa mwingine. Kamba wanarudi mwisho kabisa, dakika 1, wakiwa bado hawajaamua kujikunja.

Mzee aliyenifundisha, Mgiriama ambaye Kitaliano chake kilikuwa matusi matupu, hakuwa akionja. Alisimama ameupa moto mgongo, akisikiliza. Kikaango kikilia chaa, chaa, mafuta na maji vinagombana, alisema, "Bado." Kelele ikishuka ikawa ya kandambili kwenye matope, pwata, pwata, alisema, "Toa." Siku moja niliongeza upawa baada ya neno hilo. Aliita paka.

Na hadaa zipo. Hoteli moja ya ufukweni, nilikofanya kazi msimu mmoja tu, spageti zilichemshwa saa nne asubuhi, zikapakwa mafuta, zikalala kwenye friji hadi jioni, kisha zikachovywa kwenye maji moto. Wanga wote ulishakwenda na maji ya asubuhi. Ili mchuzi ung'ae, mpishi alikoroga kijiko cha konfulawa. Kwa macho huwezi kutofautisha. Ngoja dakika 5: mng'ao wa haki huambatana na spageti na kutulia, ule wa konfulawa huganda, na uma huukata kama uji wa jana.

Bibi yangu hakuwahi kuonja spageti, lakini angenielewa kabla sijamaliza sentensi. Tambi zake za Ramadhani zilikaangwa hadi zikawa kahawia, zikatiwa tui, iliki na maji ya kukadiria kwa jicho, zikapaliwa makaa juu ya mfuniko. Hakuna tone lililobaki, na hakuna uzi uliokuwa mkavu. Nyumba yake haikuwa na chujio la tambi. Siku hizi kila jiko lina chujio, na maji yenye thamani yote yanakwenda kwenye sinki.

Mgeni siku mbili. Ya tatu nikapewa jembe, yaani sufuria. Gesi ilikuwa inakata roho, spageti ni ile ya manjano, ngisi ametoka kwenye friza akiwa jiwe. Nilihangaika na pawa tatu badala ya mbili, nikisikiliza, watoto wakinicheka. Pwata, pwata. Nikapakua.

Nilikuwa bado nafuta mikono mwenyeji alipofungua friji na kurudi na kipande cha jibini ya juzi.

"Kaka, umesahau hii," akasema, tayari anaikwangua.