FIFA 11+ na ile "nusu" tunayoipenda: tuisome upya makala yenyewe

Kama umewahi kukaa kwenye kozi ya ukocha, au umo kwenye kundi la WhatsApp la timu yoyote ya mtaa, huenda umekutana na sentensi hii: "FIFA 11+ inapunguza majeraha kwa nusu." Mimi mwenyewe nimeitumia kuwabembeleza wenzangu wa timu ya idara wafike uwanjani mapema. Juzi nikairudia makala yenyewe, ya Soligard na wenzake, iliyotoka katika jarida la BMJ mwaka 2008. Nikagundua nina maneno ya kuyarekebisha.

Kwa usiyeijua, 11+ ni mazoezi 15 ya kupasha mwili, dakika 20 hivi: mbio nyepesi, kisha nguvu, mizani na kuruka, halafu mbio za kasi. Hayahitaji mashine. Moja unapiga magoti, mwenzako anakushika vifundo vya miguu, nawe unaanguka mbele taratibu huku ukijizuia kwa misuli ya nyuma ya paja. Kesho yake ngazi za hosteli utazichukia.

Watafiti walichukua klabu 125 za Norway zenye wasichana wa miaka 13 hadi 17, wakazigawa kwa bahati nasibu: nyingine zifanye programu hiyo, nyingine ziendelee kama kawaida. Waligawa klabu nzima nzima, na hapo walifikiri vizuri. Huwezi kumwambia beki aruke kwa mguu mmoja wakati pembeni yake winga anapiga danadana. Swali kuu walilitangaza tangu mwanzo: je, majeraha ya kuanzia nyonga kushuka hadi unyayo yatapungua?

Majibu yakaja hivi. Kwenye programu waliumia wasichana 121 kati ya 1055, na upande wa pili 143 kati ya 837. Uwiano ni 0.71, na mipaka yake ya uhakika inaanzia 0.49 hadi 1.03. Ebu itazame hiyo mipaka polepole. Data zinaruhusu programu iwe imepunguza majeraha kwa nusu, na zinaruhusu pia iwe haijasaidia kitu. Yaani kwa swali lao kuu, jibu halikuvuka mstari wa kitakwimu.

Sasa "nusu" ilitoka wapi? Ilitoka kwenye maswali ya pembeni: majeraha makubwa (0.55) na yale yanayotokana na kuutumikisha mwili kupita kiasi (0.47). Hayo yalivuka mstari. Lakini ukipima mambo mengi, kuna litakalopendeza kwa bahati tu, na ndiyo maana swali kuu hutangazwa mapema. Waandishi wenyewe hawakuficha, wameandika wazi kwenye muhtasari kwamba lengo kuu halikufikiwa. Waliolificha ni sisi, tuliokata sentensi hiyo tukabaki na ile tamu.

Kuna jambo lingine ambalo kwangu ni zito zaidi, na sijaona likitajwa kwenye kozi. Baada ya kugawa, klabu 13 kati ya 65 za programu zilitoka kwenye hesabu, na 19 kati ya 60 za upande wa pili. Jumla 32, robo ya utafiti! Bahati nasibu inalinda ulinganisho pale tu waliogawiwa wanapobaki. Je, klabu zilizotoka zilikuwa zile zenye makocha wasiojali? Zilikuwa na majeraha mengi, au machache? Ukishazikosa, hesabu haiwezi kukujibu.

Halafu mwaka 2010 kundi hilohilo likaonyesha kwamba wachezaji waliofanya programu mara nyingi waliumia mara chache kuliko waliofanya kwa kiasi. Makocha wanaipenda sana hii. Lakini timu inayofuata ratiba kwa nidhamu huenda pia ina kocha makini, mapumziko ya kutosha na uwanja mzuri. Hapo kura ya bahati haipo tena.

Kilichonizuia kuitupa 11+ ni jaribio la Lagos la mwaka 2014: timu 20 za vijana, wachezaji 416, msimu mmoja. Majeraha yote yalipungua kwa asilimia 41, na ya miguu kwa asilimia 48. Timu 20 ni chache, sikatai. Ila ni vijana wengine kabisa, bara jingine, watafiti wengine, na mshale umeelekea kulekule. Kwangu hiyo ina uzito kuliko asilimia yoyote ya Norway peke yake.

Kwa hiyo Jumamosi bado nitashika vifundo vya miguu vya mtu. Nikiulizwa inasaidia kiasi gani, nitasema inaelekea kusaidia, na kwamba namba niliyowapa mwanzo wa msimu niliitoa kwenye swali ambalo halikuwa kuu.