Dakika Moja ya Kusikiliza na Dakika Zinazofuata

Mkunga anaegemeza sikio kwenye fetoskopu, macho yake kwenye saa, na anahesabu dakika nzima. Anapata 120. Anaandika 120 kwenye patografu, karatasi ya kufuatilia uchungu, na kuhamia kitanda kinachofuata akiwa ametulia, kwa kuwa alifundishwa chuoni kwamba mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni yakiwa kati ya 110 na 160 kwa dakika hakuna la kuhofia. Kumbe ndani ya dakika hiyohiyo, kwa sekunde 30 za kwanza moyo ulikuwa ukienda kwa kasi ya 150, na kwa sekunde 30 zilizofuata, tumbo lilipomaliza kukaza, ukashuka hadi kasi ya 90. Mapigo 75, ongeza 45, jumla 120. Hesabu haina kosa hata moja, na mtoto yuko taabani.

Sasa mkunga huyohuyo ahesabu kwa vipande vya sekunde 5. Atasikia 12, 13, 12, 12, 13, 13, kisha ghafla 8, 7, 7, 8, 7, 8. Hana haja ya kuwa hodari wa hisabati ili atambue kwamba kitu kimetokea. Fetoskopu ni ileile, saa ni ileile, dakika ni ileile. Kilichobadilika ni namna ya kusikiliza, na hilo hufundishika kwa nusu saa, pale pale wodini, bila mashine mpya wala umeme.

Umeme una uzito wake katika habari hii. Kapalata, mtaa wa mji wa Kisangani, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambao wengi wameusikia kwa sababu ya kambi yake ya jeshi, uko katika mji wenye bwawa lake la umeme kwenye mto Tshopo, lakini ambako giza la kukatika umeme si jambo geni. Mji huohuo umegawanywa na mto Kongo, na hakuna daraja: mama anayetoka Lubunga kwenda ng'ambo ya kulia, ziliko tarafa nyingine tano, hana budi kuvuka kwa chombo cha majini. Nchi kavu kuna toleka, baiskeli ya abiria. Kwa hiyo anayefundisha wakunga wa mji huu kusikiliza moyo wa mtoto anafundisha mambo mawili kwa wakati mmoja: sikio, na muda. Mkunga wa materinite, kituo cha uzazi, ya mtaani akisikia 8, 7, 7 saa nane za usiku, ana safari ndefu mbele yake kuliko mwenzake ambaye chumba cha upasuaji kiko nyuma ya ukuta.

Fetoskopu yenyewe ni kifaa cha zamani. Mwaka 1821 daktari Mfaransa, Lejumeau de Kergaradec, alitumia stetoskopu kwenye tumbo la mjamzito na kueleza kwamba moyo wa mtoto unasikika. Mwaka 1895 Mfaransa mwenzake, Adolphe Pinard, akatengeneza lile tarumbeta dogo ambalo bado liko mifukoni mwa wakunga wengi wa Afrika. Ni kifaa cha kuheshimiwa. Hakina betri ya kuisha, hakina skrini ya kupasuka, na kinamlazimisha anayekitumia kumsogelea mama, kumpapasa tumbo na kutafuta mgongo wa mtoto uko upande gani.

Shirika la Afya Duniani limeeleza kazi hii kwa maneno machache. Kila kusikiliza kudumu angalau dakika moja, wakati tumbo linakaza na kuendelea angalau sekunde 30 baada ya kuachia. Mwongozo wake wa kufuatilia uchungu, uliotolewa 2020, unataka mapigo yaandikwe kila dakika 30 katika hatua ya kwanza, na kila dakika 5 mama anapoingia hatua ya pili. Mkono mmoja uwe kwenye mshipa wa mama, kwa sababu mama mwenye homa anaweza kuwa na mapigo 120, na mkunga aliyechoka akadhani anamsikia mtoto.

Tupige hesabu ya kazi hiyo. Mkunga mmoja, akina mama watano katika uchungu. Kumtafuta mtoto, kusikiliza na kuandika kunachukua kama dakika 3 kwa kila mmoja, yaani dakika 15 katika kila nusu saa. Nusu ya zamu imekwenda kwenye kusikiliza tu. Wawili kati yao wakianza kusukuma kwa pamoja, ratiba ya dakika 5 inambana mpaka hakuna tena nafasi ya kumpima mwingine shinikizo la damu au kumwekea dripu. Ndiyo maana katika wodi nyingi patografu hujazwa baada ya mtoto kuzaliwa, mstari mmoja mzuri ulionyooka, 140, 140, 138, 140. Ni rahisi kuuita udanganyifu. Kwa kweli ni dalili ya mwongozo uliotungwa bila kuhesabu watu waliopo kazini, na kiongozi wa mafunzo anayeanza kwa kukemea karatasi hizo atakuwa amewapoteza wanafunzi wake kabla ya chai ya saa nne.

Hapo ndipo Zanzibar inapotoa somo. Katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, ambako wahudumu wachache walizalisha maelfu ya akina mama kila mwaka, mradi ulioitwa PartoMa, ukiongozwa na daktari Mdenmaki Nanna Maaløe na wenzake, akiwamo Tarek Meguid aliyefanya kazi hospitalini hapo, ulianza kwa kuuliza jambo lisilo la kawaida: kwa watu hawa, kwa vifaa hivi, huduma gani salama inawezekana? Mwongozo mfupi, wa kutia mfukoni, uliandikwa kwa kushirikiana na wakunga na madaktari wa wodi yenyewe. Kisha yakaja mafunzo ya saa tatu hivi, nje ya muda wa kazi, yakirudiwa kila baada ya miezi mitatu. Wakunga na madaktari walikaa chumba kimoja na kujadili visa vya akina mama vinavyofanana na vya wodi yao.

Kabla ya mwongozo, mwishoni mwa 2014 na mwanzoni mwa 2015, watoto 59 katika kila 1,000 walikuwa wakizaliwa wafu hospitalini hapo. Mwaka mmoja baadaye walikuwa 39. Watoto waliozaliwa wakiwa dhaifu sana, wenye alama ya Apgar kati ya 1 na 5, walipungua kutoka 52 hadi 28 katika kila 1,000. Huu ni ulinganisho wa kabla na baada katika hospitali moja, kwa hiyo mtu asiuchukulie kama sheria ya maumbile. Lakini tofauti ya watoto 20 katika kila 1,000 si jambo dogo, na haikuletwa na mashine.

Mashine zimejaribiwa pia, na kwa uangalifu. Katika Hospitali ya Nsambya, Kampala, watafiti waliwagawa akina mama 1,971 kwa kura: baadhi wakasikilizwa kwa fetoskopu ya Pinard, wengine kwa dopla, kifaa cha kusikilizia kwa mawimbi ya sauti, ya kuzungusha mkono isiyotegemea umeme. Matokeo yalichapishwa 2015. Dopla iligundua kasoro za mapigo kwa asilimia 61 zaidi. Vifo vya watoto, hata hivyo, havikuonyesha tofauti ya wazi kati ya makundi hayo mawili. Kugundua kuliongezeka, kuokoa hakukuongezeka. Huko kwenye nchi tajiri, mashine kubwa inayochora mapigo bila kukoma nayo imepitia mizani: uchambuzi wa majaribio 13 yenye wanawake zaidi ya 37,000 ulionyesha kwamba inapunguza degedege za watoto wachanga kwa nusu, inaongeza upasuaji, na haionyeshi tofauti ya wazi katika vifo.

Ushahidi mzito zaidi umetoka Tanzania, na una funzo ambalo halijatiliwa maanani inavyostahili. Mpango wa Safer Births, ulioongozwa kutoka Hospitali ya Kilutheri ya Haydom kwa ushirikiano na Wizara ya Afya na watafiti wa Stavanger, Norwei, uliingia katika vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Kila kituo kilikuwa na wahudumu wake walioandaliwa kuwafundisha wenzao. Walipewa mwanasesere wa kufanyia mazoezi ya kumpumulisha mtoto, na kifaa cha kufuatilia mapigo kinachofungwa tumboni mwa mama. Kifaa hicho kimepewa jina la Kiswahili, Moyo. Kinaonyesha mapigo ya nusu saa iliyopita, kinalia mapigo yakiharibika, na mama akigusa sehemu yake maalumu kinapima mapigo yake mwenyewe ili ya mtoto na ya mama yasichanganywe. Mazoezi yalikuwa mafupi, ya mara kwa mara, hapo hapo kazini.

Ripoti yao, iliyotoka mwanzoni mwa 2025 katika jarida la tiba la New England, ilihesabu watoto zaidi ya 270,000. Vifo vya watoto, ukijumlisha waliofia tumboni wakati wa uchungu na waliofariki ndani ya saa 24 za kwanza, vilipungua kutoka 15.3 hadi 12.5 katika kila 1,000. Magazeti yakashangilia, na ilistahili. Ila ukiigawa jumla hiyo vipande viwili, kama yule mkunga anavyoigawa dakika yake, unakutana na kitu kingine. Vifo vya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 6.4 hadi 3.9. Waliofia tumboni wakati wa uchungu walikuwa 8.6, wakawa 8.7.

Mafunzo yaleyale, wakufunzi walewale, vituo vilevile. Kwa nini mnyororo wa kumwokoa aliyezaliwa ulishika, na wa aliye tumboni haukushika? Mwandishi wa makala haya anaona jibu katika umbali. Mtoto akizaliwa bila kulia, kila kinachohitajika kiko mikononi mwa mtu mmoja ndani ya chumba kimoja: kitambaa, mfuko wa kupumulisha, dakika moja ya kwanza. Moyo wa mtoto ukishuka angali tumboni, mkunga anaweza kumlaza mama kwa ubavu wa kushoto, kusimamisha dripu ya kuongeza uchungu, kuchunguza kama kitovu kimetangulia. Baada ya hapo anahitaji watu wengine. Daktari wa zamu aamke. Mtaalamu wa usingizi awepo. Chumba cha upasuaji kisiwe na mgonjwa mwingine, jenereta iwe na mafuta, damu ipatikane, ndugu waelezwe. Mafunzo ya mkunga peke yake yanaishia mlangoni mwa chumba hicho.

Uingereza nayo ilifika kwenye fikra inayokaribiana na hii kwa njia chungu. Katika uchunguzi wa vifo vya hospitali za Shrewsbury na Telford, ripoti ya kwanza ya Donna Ockenden, Desemba 2020, ilitaka kila hospitali ya uzazi iwe na mkunga kiongozi na daktari kiongozi wa ufuatiliaji wa mapigo ya mtoto. Wawili, kwa pamoja. Kazi yao ni kuendesha mafunzo, kupitia visa vilivyoharibika na kuhakikisha wakunga na madaktari wanasoma mchoro mmoja kwa lugha moja.

Kwa Kisangani, mtindo wa mkunga kiongozi na daktari kiongozi unafaa kuliko semina ya siku tano hotelini yenye perdiemu, ambayo humtoa mkunga wodini na kumrudisha na cheti. Mji una ISTM, chuo cha ufundi wa tiba, na una Kliniki za Chuo Kikuu, kwa hiyo watu wa kufundisha hawatatafutwa mbali. Zana zinajulikana: tumbo la bandia la MamaNatalie, ambalo mkufunzi hulivaa kiunoni, lina kidude cha kutolea sauti ya mapigo. Mkufunzi anacheza mama, analalamika uchungu kwa Kilingala au Kiswahili, huku kidole chake kikipunguza mapigo polepole baada ya kila mkazo. Mwanafunzi anahesabu kwa sekunde 5 na kutaja namba kwa sauti. Dakika 15 zinatosha, wakati wa kukabidhiana zamu, kila wiki.

Na zoezi lisiishie kwenye namba. Mkunga akisema "7, 8, 7", mkufunzi abonyeze saa na isizimwe mpaka daktari ajibu simu na kutamka uamuzi. Kwa kituo cha mtaani kama Kapalata, saa iendelee: nani anaitwa, chombo gani kinamchukua mama, hospitali ya rufaa inapigiwa kabla hajaondoka au baada, nani anapokea mlangoni. Lifanywe mara moja mchana, na mara moja usiku umeme ukiwa umekatika, tochi mkononi. Dakika zilizopatikana ziandikwe ukutani kando ya patografu, ili mwezi unaofuata zoezi lianzie kwenye kiungo kilichochukua muda mrefu kuliko vyote, hata kama kiungo hicho ni simu ya daktari mkuu isiyopokelewa.